Paka Amezaa Stoo, Tumfanyeje?

Iko kazi moja ambayo katika mitaa yetu mingi hapa Dar es Salaam haifanywi na mtu mzima. Mtu mzima huitoa kama amri, kisha hugeukia shughuli nyingine. Anayeifanya ni mtoto wa kiume wa miaka kumi au kumi na miwili. Huitwa asubuhi kabla ya kwenda shule, hukabidhiwa kiroba kilichofungwa mdomo, na huambiwa akakitupe jalalani, au mtoni kama nyumba iko karibu na bonde la Msimbazi. Ndani ya kiroba hicho mna vitu vinavyotikisika na kulia kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ni watoto wa paka, wa siku mbili au tatu, macho bado yamefumba.

Nimeulizwa swali hili na wasikilizaji kadhaa tangu nilipozungumzia panya wanaotoboa magunia ya nafaka madukani. Paka amezaa stoo, au chini ya kitanda, au ndani ya kabati la nguo za sikukuu. Tumfanyeje? Msikilizaji mmoja alitaka kujua kama ni kweli kwamba ukiwagusa watoto mama yao atawala. Mwingine, mama mwenye mimba, aliuliza kama ni salama kwake kukaa nyumba moja na paka. Maswali haya yalinikuta wakati ambapo mimi mwenyewe nilikuwa na kesi ya aina hiyo nyumbani, na hakimu wake alikuwa mkali.

Nyumba ninayokaa ni ya vyumba sita na ua katikati, na stoo ya mabati pembeni. Wapangaji tuko familia nne. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, naye anakaa chumba cha mbele ambako anaona kila anayeingia na kila anayetoka. Mvua za masika zilipoanza, paka jike mmoja wa kijivu mwenye mabaka meupe, asiye na mwenyewe, aliingia stoo usiku, akapanda juu ya magunia matupu, na kulipokucha alikuwa na watoto watano. Watoto wa pale uani walimpa jina la Shangazi kwa sababu, walisema, amekuja bila taarifa na amekuja kukaa. Dada yangu mkubwa alipolisikia jina hilo hakucheka.

Bi Mkubwa aliniita mimi. "Wewe mwanangu ndiye unayesema redioni kila juma," aliniambia. "Basi sema na hao. Mpaka Ijumaa wawe wametoka."

Nilimwamkia upya, kama afanyavyo mtu anayetaka kuomba jambo, nikamwomba majuma manane.

"Majuma manane!" alisema. "Hata mzazi wa binadamu ni siku arobaini tu."

Sikuyatoa majuma manane hewani. Mtoto wa paka huzaliwa haoni wala hasikii. Uzito wake ni kiasi cha gramu 100, yaani kama kipande kidogo cha sabuni ya kuogea. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, na masikio huanza kufanya kazi vizuri karibu na wakati huo huo. Hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hutegemea tumbo la mama na miili ya ndugu zake. Hawezi hata kukojoa bila msaada. Mama humlamba chini ya mkia, na bila kulambwa huko kibofu hujaa na mtoto hufa. Katika saa 24 za mwanzo maziwa ya mama huwa na kinga dhidi ya maradhi, ambayo utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa muda huo mfupi tu. Kwa hiyo anayemtenga mtoto na mama siku ya kwanza anamnyima kitu ambacho hata mwenye fedha hakipati dukani. Kula chakula kigumu huanza kwenye juma la nne, na kuacha kunyonya kabisa ni karibu na juma la nane. Ndiyo hesabu yangu yote.

Aliyeniokoa siku ile ni mzee wa chumba cha nyuma, ambaye hufundisha madrasa. Yeye alimkumbusha Bi Mkubwa, kwa adabu na bila kumtazama usoni, habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache aende kujitafutia. Bi Mkubwa aliijua habari hiyo toka utotoni. Aidha stoo ile ile ndimo anamoweka mchele wake wa kutoka Ifakara, na panya walikuwa wamekwisha toboa gunia la pili. Ikakubaliwa siku arobaini, kama mzazi yeyote, na baada ya hapo tutazame.

Naomba hapa niseme neno moja juu ya panya. Wakazi wa milima ya Lushoto wanajua vizuri kuliko sisi, maana tauni ilizuka huko mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa miaka mingi, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Simwambii mtu afuge paka kuwa dawa ya tauni, kwani paka naye huweza kuipata na kumwambukiza mtu. Lakini katika nyumba ya kawaida ya mjini, penye mchele, unga na taka, harufu ya paka huweza kumtia panya hofu. (Wenzetu wa Morogoro wananisamehe. Najua kwamba pale Chuo Kikuu cha Sokoine wako panya buku waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na hao ni watumishi wa watu. Nazungumzia panya wa stoo.)

Basi tuanze na mahali pa kulala. Watu hudhani kwamba kwa kuwa Dar es Salaam ni joto, paka mchanga hawezi kuona baridi. Sivyo. Mtoto wa paka katika juma lake la kwanza huhitaji joto la karibu nyuzi 30 mahali alipolala, na sakafu ya saruji usiku wa mvua haina joto hilo. Tulichukua katoni ya sabuni, tukakata mlango upande mmoja, mlango wenye kizingiti cha kiganja kimoja ili mama avuke na watoto wasitoke, tukatandika khanga chakavu. Kisha tukaiweka pale pale alipozalia, juu ya magunia. Hatukumhamisha. Mama paka akiona mahali pamevamiwa atawabeba wanawe mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo awapeleke kwingine, na huko kwingine huenda kukawa juu ya dari au ndani ya mtaro.

Na hii ndiyo sehemu ya ukweli iliyomo katika ile hadithi ya kwamba ukiwagusa atawala. Harufu ya mkono wako peke yake kwa kawaida haimfanyi awatupe. Kinachomsumbua ni kelele, watoto wanaochungulia kila dakika, na mgeni anayeletwa kuonyeshwa. Ni kweli kwamba mama paka hula kondo la nyuma, na mara nyingine hula mtoto aliyezaliwa mfu au aliyekufa. Mwenye kuona hayo alfajiri na damu mdomoni mwa paka hutangaza mtaani kwamba kawala wazima. Anayeua watoto wazima mara nyingi ni shume, yule dume kubwa la mtaani lenye mashavu mapana. Kwa hiyo usiku tuliufunga mlango wa stoo, tukaacha uwazi wa kutosha Shangazi tu kupita. Lile shume la mtaa wetu lina kichwa kama nazi, halikuweza.

Wanangu waliruhusiwa kuingia mara moja kwa siku, jioni, kwa kazi moja: kupima uzito. Mwenye duka la jirani alituazima mizani yake ndogo, kwa sharti kwamba tuweke bakuli, na ndani ya bakuli tutandike karatasi. Tulitandika ukurasa wa gazeti. Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka kiasi cha gramu 10 hadi 15 kila siku, na hufikia uzito wa kuzaliwa mara mbili katika siku saba hadi kumi hivi. Binti yangu wa darasa la tano aliandika namba hizo katika daftari la hesabu lililokuwa na kurasa nyingi tupu kuliko nilivyopenda. Mizani ndiyo inayosema mapema. Paka mchanga hulala sana, na anayekufa kwa njaa hulala vile vile, kwa jicho la mtu huwezi kuwatofautisha mpaka umechelewa.

Wanne waliongezeka. Wa tano, mweusi mwenye ncha nyeupe mkiani, alikuwa na gramu 78 siku ya kwanza, na siku ya tatu alikuwa na 74. Tulipomshika alikuwa wa baridi kama sarafu. Mke wangu alimfunga katika kitambaa akamweka kifuani ndani ya khanga, akapika huku amembeba. Yako mambo mawili ambayo daktari wa mifugo alituambia kwa simu, nami nawaomba wenye kalamu waandike. La kwanza, mtoto wa paka aliyepoa asipewe maziwa. Tumbo lililopoa halisagi, maziwa huchacha humo humo. Mpashe joto kwanza, taratibu, kwa mwili wako au kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa nguo, kisha ndipo umrudishe kwenye chuchu. La pili, usimlaze chali ukamnywesha kama mtoto wa binadamu. Paka hunyonya akiwa amelalia tumbo. Ukimlaza chali maziwa huingia mapafuni.

Tulimrudisha kwa mama yake mara tano usiku ule, kwenye chuchu za nyuma. Alifajirika akiwa hai, na jioni akafa. Hutokea hivyo hata mahali penye kila kifaa. Katika uzao mmoja mara nyingi yuko mmoja asiyeweza. Watoto walimzika chini ya mwarobaini, na mtoto wa mpangaji wa chumba cha tatu, kijana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyechimba. Aliniuliza kama ni lazima kaburi liwe refu. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu ya mbwa.

Sasa chakula. Jambo la kwanza mtu mwenye huruma hufanya ni kumwekea mama paka sahani ya maziwa ya ng'ombe. Nia ni njema, lakini paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari iliyomo katika maziwa hayo, huharisha, na paka anayenyonyesha akiharisha maziwa yake hukauka. Mpe maji safi, mengi, mbali kidogo na chakula. Mpe nyama au samaki. Paka si mbwa, ambaye ugali na mchuzi vitamsukuma siku. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hudhoofu. Na mama mwenye watoto wanne hula mara mbili hata mara tatu ya kile alichokula kabla ya mimba.

Hii haina maana kwamba ununue kopo lenye picha ya paka wa Ulaya. Kwa wale kina mama wanaouza vichwa, miguu na utumbo wa kuku jioni, omba firigisi na mioyo. Moyo wa kuku una taurini nyingi. Pale Feri utapata vichwa vya samaki. Vichemshe, utoe miiba. Dagaa wakavu huoshwa chumvi na mchanga, huchemshwa. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya paka, na kitunguu saumu ni vivyo hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vioo, itupe.

Wakati huo nilikuwa nimewahi kuongea na jirani yetu wa chumba cha nne, dada mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye alikuwa amekwisha ambiwa na watu watatu kwamba akimwona tu paka mimba itaharibika. Hili si la kucheka, kwa sababu chanzo chake ni ugonjwa wa kweli. Kiko kijidudu kiitwacho toksoplasma, kilichogunduliwa mwaka 1908, mmoja wa waliogundua akiwa Charles Nicolle kule Tunis, ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya. Hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa paka, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mama mwenye mimba akikipata kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni huweza kudhurika macho au ubongo.

Lakini sikilizeni jinsi kinavyofika. Paka kwa kawaida hutoa mayai hayo kwa majuma machache tu katika maisha yake, mara nyingi akiwa mdogo anapoanza kula panya. Mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, na asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Kumwona paka hakuambukizi. Na watu wengi hukipata bila kuwa na paka kabisa: kwa mshikaki mwekundu ndani, kwa kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri, kwa kulima bustani na kula bila kunawa. Nilimwambia dada yule asiingie stoo, asiguse mchanga wa paka, anawe mikono, nyama yake iive, na amwulize mkunga wake kliniki. Tulikubaliana kwamba kinyesi ni kazi yangu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mtu akiniona na koleo dogo saa kumi na moja na nusu alfajiri alijua siendi shamba.

Viroboto navyo. Kwa mtu mara nyingi ni muwasho tu, lakini kwa kiumbe cha gramu 200 viroboto wengi ni kifo, humnyonya damu mpaka fizi zake zinakuwa nyeupe. Hapa ndipo watu wema huua. Hupaka mafuta ya taa. Hunyunyizia dawa ya mende. Hununua dawa ya mbwa yenye permetrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humpa degedege. Kwa watoto wachanga tumia chanuo lenye meno ya karibu karibu na bakuli la maji ya sabuni, fua khanga zao kwa maji ya moto, na dawa yoyote aitaje daktari. Pia kidonge kimoja cha parasetamo, hiki tunachomeza wenyewe tukiumwa kichwa, kinatosha kumuua paka mzima. Usimpe hata robo kwa huruma.

Nakuja kwenye usiku wa siku ya 19. Watoto wanne walikuwa wanene, macho wazi, ya bluu kama ilivyo kwa watoto wote wa paka, wameanza kutembea kama walevi. Saa tatu usiku kijana wa chumba cha tatu alikuja kunigongea. "Baba, Shangazi anatetemeka." Nilipofika alikuwa amesimama nje ya katoni, miguu imekakamaa, anahema mdomo wazi kama mbwa, kisha akaanguka upande na mwili mzima ukawa unatikisika.

Bi Mkubwa alikuwa ametoka na taa. "Kichaa hicho," alisema. "Msimguse."

Kwa kweli si neno la kupuuzwa. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na mtu akiumwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Nilifunga mikono yote miwili kwa taulo, nikamtia katika kapu la sokoni, nikafunika. Daktari nilimweleza kwa simu: amezaa lini, watoto wangapi, anafanya nini. Aliuliza swali moja tu, kama watoto ni wanene. Nilipojibu ndiyo, akasema mlete sasa hivi.

Alikuwa amekwisha kisia. Mama anayenyonyesha watoto wengi wenye nguvu huweza kuishiwa kalsiamu katika damu, kwa sababu yote imekwenda kwenye maziwa. Hutokea zaidi kwa mbwa wadogo, lakini paka naye huipata, hasa katika majuma hayo ya pili hadi ya nne. Misuli hukakamaa, joto hupanda, na asipotibiwa hufa katika muda mfupi. Dawa yake ni kalsiamu kupitia mshipa, kidogo kidogo, huku daktari akisikiliza moyo, maana ikiingia haraka moyo husimama. Hii si dawa ya kununua ukachoma mwenyewe nyumbani.

Palikuwa na jambo la fedha. Ilikuwa tarehe 22, na ninyi wafanyakazi wenzangu mnajua tarehe 22 maana yake nini. Nilikuwa na nauli. Dereva wa bajaji alikuwa amewasha injini, ananitazama mimi na kapu. Bi Mkubwa alifungua pindo la khanga yake, akahesabu noti bila kuharakisha, akanipa.

"Utalipa pamoja na kodi," alisema. Kisha akaongeza, "Na ukirudi uniamshe."

Nilirudi saa sita kasoro. Shangazi alikuwa ametulia, amechoka, anakutazama kama aliyeamshwa usingizini. Daktari alikuwa na amri: watoto wasinyonye kwa saa 24. Alitupa maziwa ya unga ya paka wachanga na bomba la sindano lisilo na sindano. Watoto wanne, kila baada ya saa nne, wakiwa wamelalia tumbo, tone kwa tone, na baada ya kula kuwapangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwani katika umri huo huenda bado wanauhitaji msaada ule wa kukojoa. Zamu ya saa nane usiku ilikuwa yangu. Ya saa kumi na mbili aliichukua kijana wa chumba cha tatu kabla ya shule, na hakumwaga.

Kutoka hapo mambo yalikwenda upesi. Juma la nne tuliweka beseni dogo la mchanga, nao wakaligundua wenyewe kwa kumwiga mama. Wakaanza kuonja firigisi iliyosagwa. Juma la tano hapakuwa na khanga iliyoanikwa uani iliyokuwa salama. Dawa ya minyoo walipewa na daktari kwa kipimo cha uzito wao, toka lile daftari la binti yangu, na chanjo ya kichaa huanza wakifikisha miezi mitatu.

Ndugu wasikilizaji, swali gumu huja mwishoni, nalo ni hili: na uzao ujao? Paka jike huanza kupata joto akiwa na umri wa karibu miezi sita, mara nyingine mapema zaidi. Mimba yake ni siku 63 hadi 65. Huweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Huko Ulaya paka hupumzika wakati wa baridi, siku zinapokuwa fupi, lakini sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haufupiki, hivyo huzaa mwaka mzima. Watoto wa uzao mmoja huweza hata kuwa na baba mbalimbali. Kiroba cha yule mtoto wa kiume hakijapunguza paka hata katika mtaa mmoja. Miezi mitatu baadaye kinatafutwa kiroba kingine. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama ni kosa.

Upasuaji wa kumtoa paka kizazi hufanywa chini ya dawa ya usingizi, na kwa mama aliyekwisha nyonyesha husubiriwa majuma machache baada ya watoto kuacha maziwa. Una gharama, siwezi kuwaficha. Sisi tulizigawa familia nne, na yule mwenye duka la mizani alichangia kwa sababu amechukua watoto wawili kulinda mchele wake. Wa tatu amekwenda kwenye stoo ya jikoni ya shule moja ya jirani, ambako mpishi alimpima kwa macho akasema anafaa.

Siku ya arobaini ilifika na kupita, na Bi Mkubwa hakuitaja. Wa nne, jike la kijivu kama mama yake, hulala chumba cha mbele juu ya cherehani. Shangazi amepangiwa upasuaji Alhamisi ya juma lijalo, saa tatu asubuhi, na daktari amesema asile kitu chochote kuanzia usiku wa Jumatano. Kwa sasa tunatafuta mtu wa kwenda kumwambia Bi Mkubwa kwamba usiku huo asimpe firigisi.